Utegemezi wa sehemu za ndani za maktaba ya mfumo

Utegemezi wa sehemu za ndani ni hali ya programu kutumia vipengele vya maktaba ya mfumo ambavyo watunzi wa maktaba hiyo hawakuvitoa kwa matumizi ya watu wa nje. Siku programu inapotengenezwa hakuna kasoro inayoonekana. Miaka inapita, maktaba inabadilishwa, na programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri inagoma kufunguka. Jijini Dar es Salaam hali hii hufika kwenye meza za mafundi simu wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta, hasa kwa programu za zamani zilizohamishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Xender bila kupitia Play Store.

Maktaba ya mfumo ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa, kama kusoma faili au kusimba data, ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja. Upande wake wa umma una maelezo rasmi na haubadilishwi ovyo. Upande wa ndani ni wa watunzi wenyewe. Mwenye nyumba akijenga ukuta uani, jirani aliyezoea kukatiza huko hana wa kumdai njia. Hata hivyo si haki kuwaita wote waliopita uani wazembe: mara nyingi upande wa umma haukuwa na kazi waliyoihitaji, au ulichelewa kuipata.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Android. Matoleo yake ya awali yalibeba maktaba ya usimbaji ya OpenSSL katika faili za libcrypto na libssl. Faili hizo hazikuwamo katika zana rasmi za watengenezaji, lakini programu nyingi ziliunganishwa nazo moja kwa moja, badala ya kubeba nakala zake zenyewe. Katika Android 6.0 ya mwaka 2015, Google iliweka BoringSSL, tawi lake la OpenSSL ambalo baadhi ya kazi za zamani hazimo. Android 7.0 ya mwaka 2016 ikafunga njia yenyewe: programu iliyotengenezwa kwa kulenga toleo hilo ikijaribu kupakia maktaba ya ndani, huanguka. Zilizolenga matoleo ya nyuma ziliachiwa maktaba chache kwa muda. Mwaka 2018, Android 9 ilianza kuzuia pia kazi zilizofichwa za upande wa Java, ikizigawa kati ya zinazovumiliwa na zilizopigwa marufuku.

Msamaha wa programu za zamani nao ulifikia ukingoni. Android 14 ya mwaka 2023 haikubali kusakinisha programu iliyolenga toleo lililotangulia 6.0. Google ilikusudia kuzuia programu hasidi zinazojifanya za zamani ili zikwepe kumwomba mtumiaji ruhusa, lakini kizuizi hicho kinazikumba hata programu za zamani zisizo na ubaya. Mteja huonyeshwa tu kwamba programu haioani na simu yake, naye hudhani simu ni feki. Kuiflashi hakusaidii, kwa sababu toleo lile lile hurudisha maktaba ile ile na masharti yale yale.

Kwenye seva, Afrika Mashariki ina mfano wake. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioasisiwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, Februari 2006, umeandikwa kwa Java na kujengwa juu ya maktaba za Spring na Hibernate. Matoleo ya zamani ya Spring yaliingia ndani ya Java yenyewe ili kuunda vipande vya programu wakati mfumo unaendelea kufanya kazi. Java 9 ya mwaka 2017 ilitoa onyo tu. Java 16 ya Machi 2021 ikakataa isipokuwa kwa amri moja ya jumla, na Java 17 ya Septemba mwaka huo ikaiondoa amri hiyo ya jumla. Mwenye mfumo wa aina hiyo hubaki na Java 8, au hufungua kifurushi kimoja kimoja kwa agizo la --add-opens, au husasisha kila kitu. Njia mbili za kwanza ni za kununua muda.

Dawa ya kweli ni mtengenezaji kuhamia upande wa umma au kubeba maktaba yake mwenyewe ndani ya programu. Mtumiaji ambaye mtengenezaji wa programu yake amekwisha kutoweka hana uwezo huo. Huyo atoe data zake mapema, programu ikiwa bado inafunguka, na asikubali sasisho kubwa la simu kabla ya hapo.