"Kitambulisho kiko wapi?" ni swali la zamani

Kila mjadala wa polisi ukiwaka hapa, hakosi mtu wa kusema: "Ungebeba kitambulisho, hungepigwa." Haya, turudi nyuma kidogo.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akalazimishwa kubeba kipande, kwa kawaida ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Humo mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Ukitoroka kazi kabla mlowezi hajatia sahihi, askari akikusimamisha njiani umekwisha. Kumbe shida haikuwa wezi. Shamba lilitaka vibarua.

Machi 1922, kijana mmoja aliyepinga kipande na kodi akakamatwa Nairobi. Watu wakajaa nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe. Wakamiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Leo Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema ukikamatwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa, na ufike kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Sheria ya polisi ya 2011 nayo inataka njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza.

Sasa wewe wa "ungebeba kitambulisho", nionyeshe kifungu kinachosema adhabu ya kusahau kadi nyumbani ni kofi na kurushwa ndani ya mariamu. Nangoja hapa kwa komenti.