Jim Thorpe: Bingwa aliyevuliwa medali kwa kosa la kulipwa

Januari 1913, gazeti moja la mji wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, liliandika kwamba Jim Thorpe aliwahi kulipwa fedha ili acheze besiboli. Miezi michache nyuma alikuwa amerudi kutoka Stockholm na medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Habari ya gazeti ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomponza. Mwaka huohuo alipokonywa medali zote mbili, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya washindi.

Mchezo uliomponza ndio huohuo uliokuja kumlisha. Kwa misimu sita kati ya 1913 na 1919 Thorpe aliishi kwa mshahara wa besiboli katika ligi kuu ya Marekani. Msimu wa besiboli ukiisha, alivaa viatu vingine akaingia kwenye futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa mviringo mrefu unaobebwa mikononi. Wachache sana katika historia wameimudu michezo hii miwili katika ngazi ya kulipwa, na yeye ni miongoni mwa waliotangulia.

Alizaliwa mwaka 1887, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Kwao ni watu wa Sac and Fox, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Jina alilopewa na watu wake ni Wa-Tho-Huk. Pacha wake, Charlie, alifariki wakiwa bado watoto, na wazazi wake nao walifariki kabla hajawa mtu mzima.

Akapelekwa Carlisle, Pennsylvania, kwenye shule ya bweni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1879 ili kuwang'oa watoto wa wenyeji kutoka kwenye lugha na mila za wazazi wao. Walinyolewa nywele na kukatazwa kusema lugha zao. Likizo za kiangazi wengi walitumwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu kwa ujira mdogo.

Katika shule hiyo kulikuwa na kocha, Glenn "Pop" Warner, na timu ya futiboli iliyokuwa ikivitetemesha vyuo vikubwa. Mwaka 1911 Carlisle waliifunga Harvard 18 kwa 15, Thorpe akipiga mikwaju minne iliyopita katikati ya nguzo za goli. Mwaka uliofuata waliizaba timu ya chuo cha jeshi cha West Point 27 kwa 6. Miongoni mwa wanajeshi waliohangaika kumzuia siku hiyo alikuwamo Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani.

Kati ya mechi hizo mbili ndipo ilipokuja Olimpiki ya 1912. Thorpe alishinda pentatloni, yenye mashindano matano, na dekatloni, yenye mashindano kumi. Katika dekatloni alijikusanyia pointi 8,412 na kumwacha mbali Hugo Wieslander wa Sweden aliyeshika nafasi ya pili.

Kosa lake lilikuwa lipi, basi? Katika viangazi vya 1909 na 1910, badala ya kurudi mashambani, alikwenda North Carolina kuchezea timu ndogo za besiboli kwa dola chache. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya hivyohivyo, ila walijificha nyuma ya majina ya bandia. Thorpe alicheza kwa jina lake halisi. Kwa sheria za wakati huo, Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa tu. Aliyewahi kupokea malipo katika mchezo wowote, hata ambao haumo kwenye mashindano, alihesabiwa kuwa wa kulipwa. Sheria hiyo haikumpunguzia chochote mtoto wa tajiri, aliyeweza kufanya mazoezi mwaka mzima bila kuwaza atakula nini. Ilimbana yule ambaye mwili wake ndio uliokuwa shamba lake.

Na hata kanuni za mashindano yenyewe hazikufuatwa. Kanuni za Stockholm zilitaka pingamizi lolote dhidi ya mshindi liwasilishwe ndani ya siku 30. Habari za Thorpe zilitoka takriban miezi sita baada ya mashindano. Aliandika barua, akakiri alichofanya na kueleza kwamba hakujua kama ni kosa. Haikumsaidia. Ikumbukwe pia kwamba alikuwa akihukumiwa katika nchi ambayo haikutoa uraia kwa wenyeji wake wote hadi mwaka 1924.

Kwa kuwa alikwisha kuitwa mchezaji wa kulipwa, aliamua kuwa hivyo kwa dhati. Mwaka 1913 alisaini na New York Giants chini ya kocha John McGraw. McGraw alimweka benchi mara nyingi, huku jina lake likiuza tiketi. Baadaye alichezea Cincinnati Reds, na Mei 2, 1917, alikuwa sehemu ya mechi ambayo mashabiki wa besiboli wanaisimulia hadi leo. Kwa vipindi tisa warushaji wa timu zote mbili, Fred Toney na Hippo Vaughn, hawakumruhusu mpigaji yeyote kupata pigo safi. Katika kipindi cha kumi Thorpe aliupiga mpira uliomwezesha mwenzake kufunga, na Reds wakashinda 1 kwa 0. Mwaka 1919, akiwa na Boston Braves, alifikisha wastani wa upigaji wa 0.327, ambao mpigaji yeyote wa ligi kuu angeuonea fahari.

Alama yake kubwa zaidi, hata hivyo, aliiacha kwenye futiboli. Mwaka 1915 Canton Bulldogs wa Ohio walimpa dola 250 kwa kila mechi, fedha nyingi kwa enzi hizo, na watu wakafurika uwanjani kumwona. Canton wakawa mabingwa wa Ohio mwaka 1916, 1917 na 1919. Septemba 1920, viongozi wa timu kadhaa walikutana mjini Canton katika duka la magari, wakaunda chama cha futiboli ya kulipwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Thorpe, akiwa bado mchezaji. Mwaka 1922 chama hicho kilibadilishwa jina kuwa NFL, ligi ambayo leo ni miongoni mwa ligi tajiri zaidi duniani.

Alistaafu mwaka 1928. Mdororo mkuu wa uchumi ulimkuta akichimba mitaro na kuigiza nafasi ndogondogo katika filamu. Mwaka 1950 waandishi wa habari wa Marekani walimchagua mwanamichezo bora wa nusu karne, na miaka mitatu baadaye alifariki, hali yake ya fedha ikiwa mbaya.

Avery Brundage, aliyeshindana naye Stockholm katika timu moja ya Marekani, aliiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 1952 hadi 1972, na katika miaka yote hiyo medali hazikurudi. Kamati ililegea mwaka 1982, ikamrudishia ushindi wa pamoja na waliomfuata. Julai 2022 tu ndipo ilipomtambua kuwa mshindi pekee. Kamati ilieleza kwamba Wieslander mwenyewe hakuwahi kukubali kuwa yeye ndiye bingwa.

Eliud Kipchoge wa Kenya alijipatia riziki katika mbio za barabarani za kulipwa, kisha akashinda marathoni mbili za Olimpiki, na dunia ikamshangilia. Kwa sheria iliyomhukumu Thorpe, asingeruhusiwa hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Kila mwanariadha wa Afrika Mashariki anayewajengea wazazi wake nyumba kwa fedha za mbio, kisha akaiwakilisha nchi yake Olimpiki, anafaidi haki ambayo Thorpe alinyimwa. Historia ya Thorpe inastahili kufundishwa kwa vijana wetu wa riadha, ili wajue kwamba malipo ya jasho lao hayawapunguzii heshima hata kidogo.