Ngano: nyasi tatu katika punje moja

Tafuna punje ya ngano, hiyohiyo inayosagwa unga wa chapati. Nakala moja ya DNA yake ina herufi takriban bilioni 16. Ya binadamu ina kama bilioni 3 tu, na ya mpunga, ndugu yake ngano katika ukoo wa nyasi, haifiki hata nusu bilioni. Ngano ilizipata wapi zote hizo?

Sehemu ya jibu ni ndoa. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, karibu na Bahari ya Kaspi, ngano ya kale iliyokwisha kuchanganya nyasi mbili ilichavushwa na gugu la shambani. Mtoto akabaki na kromosomu za wazazi wote, 42 kwa jumla. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, mwanasayansi Hitoshi Kihara wa Japani na wenzake wa Marekani, McFadden na Sears, kila upande bila habari ya mwenzake, walimtambua baba: Aegilops tauschii.

Lakini ndoa peke yake hazitoshi. Zaidi ya asilimia 80 ya maandishi ya ngano ni marudio, vifungu vilevile vilivyonakiliwa mara maelfu. Aliyeanza kuvifumania ni Barbara McClintock, akichunguza mahindi yenye madoadoa. Kipande cha DNA kikiangukia jeni ya rangi, punje hupauka. Kikihama, rangi hurudi katika chembehai ile na uzao wake. Kikiwahi kuhama, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa nukta. Aliyaeleza hayo mwaka 1951, wengi wakamwona wa ajabu. Nobel alipewa 1983.

Katika nyasi, vipande vingi vya namna hiyo havihami tu: hujinakili, nakala ikachomekwa kwingine, hata ndani ya nakala ya zamani. Wapo waliokuja kuviita takataka. Jina hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la haraka mno.

Vipande hivyo vilitesa wasomaji wa DNA kwelikweli. Kuisoma ngano ni kama kuchana kanga vipande elfu, kisha ukaulizwa kila ua la mji wa kanga hiyo lilikaa wapi. Ramani ya mpunga ilikamilika 2005. Mwaka huohuo wanasayansi wa ngano waliunda umoja wao, na ramani yao haikutoka hadi Agosti 2018, ikiwa na jeni 107,891.

Hata hivyo marudio hayohayo yamekuwa alama. Yale ya rai, nafaka ya nchi za baridi, yakitiwa rangi hung'aa chini ya hadubini, na kipande cha kromosomu ya rai kilichohamishiwa ndani ya ngano huonekana. Kipande kimoja cha namna hiyo kilibeba jeni Sr31, iliyoikinga ngano dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina kwa miaka mingi, mpaka kutu ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipoishinda. Leo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro, Kenya, ionekane ipi itaihimili kutu hiyo.