Sukamahela na hesabu ya mabaka

Makazi ya Sukamahela, wilayani Manyoni, mkoani Singida, yanakumbukwa kama kambi ya wagonjwa wa ukoma. Huwa tunaona kambi za aina hiyo kama matunda ya hofu tu. Hofu ilikuwepo, lakini kulikuwa pia na ugumu wa kutambua: baka la ukoma linalopauka hufanana na choa, na aliyekosewa kwa upande wowote aliumia. Tofauti huonekana kwa karibu. Mgonjwa hufumba macho, ngozi inaguswa kwa ncha ya pamba. Akishindwa kuonyesha palipoguswa, ganzi hiyo ni ishara ya ukoma, kwani choa huwasha na wala hakiui hisia.

Ukoma ukishatambuliwa, hubaki kujua ni wa aina gani. Mwaka 1966 wataalamu wa ukoma Ridley na Jopling waliugawa katika makundi 5, lakini mgawanyo wao ulihitaji darubini na kipande cha ngozi, vitu adimu katika zahanati ya kijijini. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto mwaka 1981, ilibidi kupatikane njia nyepesi ya kuamua nani apewe tiba ya muda gani, na baadaye ikawa hii: mabaka 1 hadi 5, tiba ya miezi 6; zaidi ya hapo, tiba ndefu zaidi. Wapo wanaosema kuhesabu ni kubabaisha, kwa kuwa mwenye mabaka machache anaweza kubeba vimelea vingi. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kipimo bora kisichofika kijijini humwacha mgonjwa akisubiri hadi vidole vipinde, na madhara hayo dawa haiyarudishi nyuma.