Viwavimaji, si Wanyama-upupu

Kundi la wanyama ambalo wanasayansi huliita Nidaria, lenye yavuyavu, matumbawe, anemoni wa baharini na hidra wadogo wa madimbwini, lina spishi zaidi ya 10,000, na kinachoziunganisha si umbo wala makao bali seli ya kudungia, yaani seli yenye kifuko ambamo uzi umekunjwa chini ya shinikizo kubwa, nao, kwa hidra, hufyatuka kwa muda usiofikia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Jina "wanyama-upupu", linaloanza kuzoeleka katika maandishi, linaikosa sifa hiyo hiyo iliyo msingi wa kundi zima, na inasikitisha kwamba waliolipitisha hawakujishughulisha kuutazama upupu wenyewe.

Upupu ni mmea utambaao, ambao maganda yake yamefunikwa na vinyweleo vinavyopukutika, vikanasa ngozini na kuiwasha kwa kimeng'enya chake; hakuna kinachofyatuka wala kinachodunga kwa shinikizo. Mmea ulio karibu zaidi na seli ya kudungia ni mwingine, nao humea katika misitu ya milimani ya Ngorongoro, juu ya mashamba ya Karatu: ni Urtica massaica, ambao jina lake la pili linataja nchi ya Wamaasai. Kila unywele wake ni bomba lenye ncha ya silika, madini yatengenezayo kioo, na ncha hiyo ikiguswa hukatika, maji makali ya ndani yakaingia ngozini kama dawa ya sindano. Mmea wa jamii hiyo ndio Wagiriki waliouita knide, neno lililozaa Nidaria, na Aristotle alilitumia neno hilo hilo kwa wanyama wa baharini wachomao. Waswahili wa pwani walifika pale pale bila kumsoma Aristotle, kwani kiwavi kwao ni mmea uwashao, ni mdudu mwenye nywele ziwashazo, na ni yavuyavu pia. Lugha iliyokwisha kuunganisha msitu na bahari kwa neno moja haikuwa na haja ya kupewa upupu na kamati yoyote.

Husemwa kwamba mkulima wa Karatu akisikia kiwavi huwaza mahindi yaliyoliwa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa viwavijeshi hawachomi hata kidogo, lakini jina lao ndilo linaloonyesha njia, maana neno moja lililoongezwa limetosha kuwatenga na viwavi wengine. Neno la kuongeza hapa ni maji, wala si bahari, ingawa wapo wanaong'ang'ania "viwavi-bahari" kana kwamba Ziwa Tanganyika halipo. Ziwa hilo lina yavuyavu wake wa maji baridi, ambao Mjerumani Richard Böhm aliwaona mwaka 1883, na jenasi yao ikaitwa Limnocnida, jina linaloanza na ziwa la Kigiriki na kuishia na knide ile ile: kwa Kiswahili kisichohitaji kulazimishwa, kiwavi wa ziwani.

Katika matumizi, kiwavimaji afuate upatanisho wa viumbe hai, yaani kiwavimaji huyu na viwavimaji hawa, na matumbawe yaendelee kuitwa matumbawe.