Saa ya Harrison, minyororo ya Christchurch, na dira mpya ya Waingereza



Mwezi Mei 2024 serikali ya huku Uingereza ilitangaza kwamba ndege ya majaribio iliyoruka kutoka Boscombe Down ilibeba angani saa na vifaa vya kwanta, yaani vyombo vinavyotumia atomi kujua wakati na mwendo bila kutegemea setilaiti. Magazeti yaliandika habari ya ndege. Mimi kilichonivutia zaidi ni hesabu ya fedha. Mradi ule ulipata ruzuku ya karibu paundi milioni 8, na hazikwenda kwa chuo kimoja wala kwa bingwa mmoja, bali kwa kundi zima la makampuni: huyu anaunda leza, yule vifaa vya umeme, mwengine ana ndege. Nikasema, haya mambo nimeyaona mahali. Nimeyaona mwaka 1765.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1707 manowari nne za Kiingereza zilipasuka kwenye miamba ya visiwa vya Scilly na watu zaidi ya elfu wakafa maji. Bunge likapitisha sheria mwaka 1714: atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, kwa kukosea si zaidi ya nusu digrii, apewe paundi 20,000. Latitudo haikuwa tatizo. Manahodha wa bahari yetu waliipima kwa kamali, kile kibao chenye uzi wa mafundo, wakiangalia urefu wa nyota, na Ibn Majid wa Julfar alikwisha kuyaandika hayo karne ya 15. Longitudo ndiyo iliyowatesa watu wa bahari kuu, kwa sababu ni suala la saa: dunia inazunguka digrii 15 kila saa moja, basi ukijua ni saa ngapi nyumbani na ni saa ngapi hapo ulipo, umejua umekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Lakini saa ya pendulamu ndani ya meli inayoyumba, jamani, haina maana.

Hadithi ya John Harrison, seremala wa Yorkshire, wengi wenu mnaijua. Bodi ya Longitudo ilimkubalia ruzuku ya kwanza mwaka 1737, paundi 500, nusu mkononi na nusu baadaye. Saa yake ya nne, ndogo ya kushikika mkononi, ilipelekwa Jamaika mwaka 1761 na ikapotea sekunde 5 tu katika siku 81. Mwaka 1764 ikajaribiwa tena, safari ya Barbados, ikafaulu. Watu husimulia mpaka hapo, kisha wanailaumu Bodi kwa kumzungusha mzee wa watu.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi naona kwamba Bodi, pamoja na ubahili wake, iliuliza swali la maana. Sheria ya 1765 ilisema Harrison apewe nusu ya zawadi akishaeleza siri zote za saa yake, na nusu ya pili ingojee mpaka ithibitike kwamba mafundi wengine wanaweza kuitengeneza. Yaani saa moja nzuri haiokoi jeshi la majini lenye mamia ya meli. Harrison aliona ni dhulma, na kwa upande wake alikuwa na haki: alikuwa na miaka zaidi ya 70, na sheria ya 1714 haikutamka sharti hilo wazi. Mwisho Bunge lenyewe lilimpa paundi 8,750 mwaka 1773, baada ya Mfalme George III kuingilia kati.

Larcum Kendall ndiye aliyelipwa kunakili. Alimaliza mwaka 1769, kwa gharama ya paundi 500. Tulinganishe: Endeavour, meli ya safari ya kwanza ya Cook, ilinunuliwa kwa karibu paundi 2,800. Saa moja, sehemu ya sita ya bei ya meli nzima! Cook alikwenda na nakala hiyo mwaka 1772 akarudi akiisifu sana, lakini nani angezinunua mia? Kendall akatoa sehemu fulani fulani, akafikia paundi 200, kisha 100, na saa nazo zikapungua ubora. Walioivunja bei kweli ni John Arnold na Thomas Earnshaw, ambao hawakumnakili Harrison. Walibuni mtambo mwepesi zaidi na wakagawa kazi. Sehemu ghafi zilichongwa Prescot, Lancashire, na familia za mafundi majumbani mwao, zikamaliziwa London. Ndani ya kronomita kuna mnyororo mwembamba kama uzi, unaosawazisha nguvu ya kamani, na minyororo hiyo ilisukwa Christchurch, kusini, na wanawake na watoto, wengine wa nyumba ya maskini. Leo wataalamu wanasema "mnyororo wa ugavi" kama fumbo tu; pale ulikuwa mnyororo hasa. Kufikia 1831 meli moja, Beagle, ilibeba kronomita 22.

Na sisi zilitufikia. Kapteni William Owen alipima pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1821 na 1826, na mabaharia wake wengi wakafa kwa homa. Ndiye huyo aliyetangaza himaya ya Kiingereza Mombasa mwaka 1824, Mazrui walipotaka kinga dhidi ya Sayyid Said. Himaya ilifutwa mwaka 1826. Ramani zilibaki, na zilibaki kwao. Nahodha wa Lamu alikuwa na mlango ule kichwani mwake. Aliyekuwa na mafundi wa Prescot akauweka kwenye karatasi na kuuchapa London.

Turudi kwenye atomi. Mwaka 1955 Essen na Parry walitengeneza saa ya sesiamu pale Teddington, na saa za namna hiyo ndizo zilizopandishwa angani, zikawa moyo wa GPS. Ubaya wa GPS ni kuwa mawimbi yake ni dhaifu, yanavurugika kirahisi. Dawa inayotafutwa sasa ni hii: atomi za rubidiamu zinapozwa kwa leza mpaka karibu na sifuri halisi, zinaachiwa ndani ya ombwe, kisha leza inasoma chombo kimeongeza mwendo kiasi gani. Hakuna mawimbi yanayoingia kutoka nje, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga. Kasevich na Chu walionyesha njia hii Stanford mwaka 1991. Mwaka 2023 Imperial College walijaribu chombo chao ndani ya meli ya jeshi la majini, Patrick Blackett.

Sasa tazama fedha. Mwaka 2013 Uingereza ilitenga paundi milioni 270 kwa teknolojia za kwanta, na mwaka 2023 ikaahidi bilioni 2.5 kwa miaka kumi, na lengo kwamba kufikia 2030 mitambo hii iwe ndani ya ndege. Kwa miradi ya pamoja serikali hulipa sehemu ya gharama na kampuni hutia iliyobaki. Muundaji wa leza, wa kijichupa cha gesi na wa ngao ya sumaku wanakaa meza moja na mwenye ndege. Sababu ni ile ile ya 1765: mtambo unaojaza meza ya maabara ni Kendall wa paundi 500. Bado hajapatikana Earnshaw.

Juni 2025, wakati wa vita vya Israel na Iran, meli nyingi zilivurugiwa GPS karibu na Hormuz, nyengine zikaonekana kwenye ramani ziko nchi kavu. Nyie mlioko Maskati na Dubai mko karibu na manahodha wale. Ningependa kujua waliendeshaje usiku ule: kwa rada, kwa macho, au kuna mzee bado anajua nyota?

Wassalaam.