Nakubali Masharti: Historia ya Sheria Ambazo Hatusomi

Barua pepe iliingia saa tano usiku. Nilikuwa nimelala nje kwa sababu ya joto, simu kando ya kichwa, nikingoja netiweki irudi. Ilikuwa mistari minne tu. Akaunti yako imesimamishwa kwa kukiuka sera ya matumizi yanayokubalika. Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna kosa lenyewe, hakuna nambari ya kupiga.

Sasa jiulize tovuti yangu ilikuwa na nini. Matusi? Utapeli? Hapana. Ilikuwa na rekodi 31 za sauti za wazee wa huku kwetu Kaaleng, wakisimulia kwa Ng'aturkana kuhusu ukame, uvamizi wa mifugo, mahari, na majina ya visima ambavyo vijana wa rika langu hawavijui. Nilizirekodi kwa simu kwa karibu miaka miwili, tangu niache chuo. Simu ikajaa. Nikazipandisha zote kwenye tovuti, halafu nikazifuta kwa simu ili nipate nafasi ya kurekodi zingine. Nilidhani nimeziweka mahali salama kuliko mfukoni mwangu.

Kampuni sitaitaja. Karibu zote zina masharti yanayofanana, na leo nataka tujue yalitoka wapi. Kwa sababu baada ya hasira kupungua, nilikaa chini nikayasoma kwa mara ya kwanza. Kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Nilikuwa nimebonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Na wewe pia umebonyeza, usinidanganye.

Chumba cha kupanga

Kwanza tuelewane. Tovuti haikai hewani. Inakaa ndani ya kompyuta ya mtu, inaitwa seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Wewe unalipa kodi, vile mtu hupanga chumba Lodwar. Na mwenye ploti lazima awe na masharti: usipige kelele usiku, usifuge mbuzi ndani, usimalize maji ya tangi peke yako. Hapo hakuna ubaya, kwa sababu mko wengi kwenye ploti moja. Seva moja ya bei rahisi inaweza kubeba mamia ya tovuti, na mmoja akichezea umeme, wote mnakaa giza.

Tofauti ni kwamba mwenye ploti wa Lodwar anakujua sura. Akitaka kukutoa, atakuja mlangoni mzungumze.

Masharti yalianza kama ulinzi wa pesa za umma

Miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na mtandao uitwao NSFNET, uliolipiwa na shirika la serikali la sayansi, National Science Foundation. Ulijengwa kuunganisha vyuo vikuu na watafiti. Kwa vile pesa zilikuwa za mlipa ushuru, waliandika sera ya matumizi yanayokubalika: mtandao huu ni wa utafiti na elimu, si wa biashara. Ukisoma hoja yao unaielewa. Ni kama gari la kaunti, halifai kubeba mkaa wa mtu.

Mwaka wa 1992 bunge lao lililegeza masharti hayo, na Aprili 1995 uti wa mgongo wa NSFNET ukazimwa, kampuni za kibinafsi zikashika usukani. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Sera iliyoandikwa kulinda mali ya umma ikarithiwa na watu wanaolinda biashara yao. Jina likabaki lile lile, mwenye nyumba akawa mwingine.

Halafu kila kifungu kipya kilizaliwa na ugomvi fulani. Chukua kile kinachokataza kutumia watu matangazo ambayo hawakuyaomba. Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, mtu na mkewe, walimwaga tangazo la bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Ndiyo, green card ile ile ambayo watu wa saiba wamekuwa wakikujazia fomu. Watu waliokasirika walituma malalamiko mengi hadi mitambo ya kampuni iliyowapa intaneti ikalemewa ikaanguka. Kampuni ikawakatia akaunti. Tangu hapo ni vigumu kupata mwenye seva asiye na kifungu cha aina hiyo, na mimi nakiunga mkono kabisa.

Kwa nini tunapanga ng'ambo

Utauliza, kwa nini Mkenya akae kwa masharti ya Mmarekani? Jibu lina historia yake. Hadi mwaka wa 2000, ujumbe wa kutoka mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nairobi hapo hapo ulipanda setilaiti, ukaenda ng'ambo, ukarudi. Kampuni za intaneti zikaungana zikaanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya, ambao walikuwa na haki ya pekee ya laini za kimataifa, wakalalamika, na tume ya mawasiliano, CCK, ikakifunga baada ya wiki mbili hivi. Kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka wa 2009 tu. Kwa hivyo wakati Wakenya walianza kutengeneza tovuti, kupanga seva nyumbani kulikuwa ghali na polepole. Tukazoea ng'ambo. Na ukipanga ng'ambo unapanga na sheria zake.

Januari 2008

Sasa nisije nikaonekana kama nataka vurugu. Kuna wakati lazima mlango ufungwe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Wakati huo kulikuwa na ukumbi wa mazungumzo mtandaoni ulioitwa Mashada, ambao Wakenya wa ndani na nje waliupenda sana. Mazungumzo yakageuka kuwa chuki ya kabila kwa kabila. Mwenyewe, David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alijaribu kusimamia, akashindwa. Mwisho wa Januari akaufunga. Mahali pake akaweka ukurasa ulioitwa I Have No Tribe, yaani Sina Kabila, watu wakaanza kuandika maneno ya amani. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliojenga Ushahidi, ile ramani ya kuripoti ghasia ambayo dunia nzima iliiga.

Angalia kilichotokea hapo. Aliyefunga aliwajua watu wake, aliielewa lugha yao hadi mafumbo, akasema wazi kwa nini anafunga, na akafungua mlango mwingine. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Desemba 2010

Sasa pima hii nyingine. Mwaka wa 2008 tume yetu ya haki za binadamu, KNCHR, iliandika ripoti iitwayo The Cry of Blood kuhusu vijana waliouawa na kupotezwa na polisi. WikiLeaks waliisambaza duniani, na mwaka wa 2009 Amnesty International ikawapa tuzo kwa kazi hiyo. Machi ya mwaka huo huo, watetezi wawili wa haki waliokuwa wakifuatilia mauaji kama hayo, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, walipigwa risasi barabarani Nairobi. Yaani kwa Mkenya, WikiLeaks haikuwa hadithi ya Wazungu. Ilibeba damu yetu.

Desemba 2010, WikiLeaks walikuwa wamehamia seva za Amazon, siku chache baada ya kuanza kutoa nyaraka za siri za kidiplomasia za Marekani. Ofisi ya seneta Joe Lieberman ikaiuliza kampuni maswali. Amazon ikawatoa. Ilisema haikusukumwa na serikali, ila mteja alivunja masharti: hakuwa na haki ya kumiliki alichoweka, na kingeweza kudhuru watu. Labda ni kweli, labda si kweli. Hakuna jaji aliyeulizwa. Masharti yale yale wewe na mimi tulibonyeza ndiyo yalitumika pale.

Serikali hubanwa, mwenye seva habanwi

Hapa Kenya tulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichofanya kuwa jinai "kutumia vibaya" mtambo wa mawasiliano wenye leseni. Kijana mtengeneza tovuti, Geoffrey Andare, alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa sababu ya maneno aliyoandika Facebook. Akaenda Mahakama Kuu. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi akakitupa nje, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua mapema ni nini hasa kimekatazwa.

Sasa fungua masharti ya kampuni yako uone. "Maudhui yoyote ambayo sisi, kwa uamuzi wetu pekee, tutaona hayafai." Kifungu cha 29 kikisimama kando ya hiki kinaonekana kama mtoto. Lakini hiki huwezi kukipeleka popote kirahisi, kwa sababu ulikikubali mwenyewe.

Na usidhani dawa ni kuwapa serikali ufunguo. Tanzania mwaka wa 2018 walitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni: blogu ikate leseni, na gharama za kuanzia zikafika shilingi zao kama milioni 2. JamiiForums, ukumbi mkubwa wa Kiswahili, ulilazimika kujifunga kwa muda Juni ile. Mkurugenzi wake, Maxence Melo, alikuwa tayari ameshtakiwa, pamoja na mambo mengine, kwa kutumia anwani isiyoishia na .tz na kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Kwa hivyo mtu wa kawaida yuko katikati, mwenye seva upande huu, serikali upande ule.

Huku kwetu tunajua mambo haya

Turkana ni mahali watu wamewahi kunyimwa njia ya kusema. Mkoloni aliifanya wilaya maalum, kuingia kwa kibali. Lokitaung, huku huku kaskazini, ndipo walifungwa kina Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1958 wafungwa wenzake pale walitoa barua kwa siri kulalamikia hali yao, ikachapishwa na gazeti la The Observer la London. Ilibidi waazime karatasi ya mtu mwingine.

Miaka 50 baadaye, mwisho wa 2008, wakimbizi wa kambi ya Kakuma walianzisha gazeti lao, KANERE. Hawakuwa na mtambo wa kuchapisha. Walichokuwa nacho ni blogu ya bure kwenye seva ya ng'ambo. Waliandika kuhusu mgao wa chakula, usalama, na jinsi mashirika yanavyowatendea. Karatasi ya kuazima tena. Nashukuru ilikuwepo. Lakini kitu cha kuazima mwenyewe akikitaka, anakichukua.

Kosa langu lilikuwa nini

Baada ya barua nane nilijibiwa. Tangazo lao lilisema nafasi "isiyo na kikomo". Masharti, chini kabisa, yalisema nafasi hiyo ni ya kurasa za tovuti, si ghala la faili. Rekodi zangu kubwa, nilizozipanga tu bila kurasa, zilihesabiwa kama ghala. Kwa haki, kifungu kipo, na nilikuwa nimekikubali. Ila onyo sikupewa, na muda wa kutoa vitu sikupewa. Nilipojibiwa, faili zilikuwa zimefutwa.

Nimepata 12 kati ya 31, zile nilizokuwa nimewatumia watu kwa WhatsApp. Sauti ya mzee mmoja aliyenitajia visima vyote njia ya kupeleka mifugo wakati wa kiangazi haimo. Amefariki. Mjukuu wake aliniomba hiyo rekodi kwenye matanga, nikakosa pa kuangalia.

Kwa hivyo ombi langu kwa kampuni, hasa zetu za Kenya ambazo siku hizi zipo na bei zake tunaziweza, ni mambo matatu. Niambie kosa langu kwa maneno ya wazi. Nipe siku saba nitoe vitu vyangu. Weka mtu mwenye jina wa kumjibu. Hata kwenye akiriket mzee akikunyamazisha, unajua ni nani amekunyamazisha na kwa nini.

Na kwako wewe unayerekodi nyanya yako, harusi, mahubiri, chochote: leo jioni, kabla bando haijaisha, fungua masharti utafute maneno mawili, "kusimamisha" na "kufuta". Soma hapo tu. Kisha nunua kadi ya kumbukumbu, weka nakala, umpe mtu mwingine aitunze. Mimi yangu iko ndani ya mkebe wa majani ya chai, kwa mamangu.